Kuta za Chania na Rangi Zake

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika, akiisha kuvuka mto wa Ruiru na kuanza kuyaona mashamba ya kahawa yaliyosalia, hana budi kuona jambo moja hata kama hana habari yoyote ya uashi. Udongo wa nchi hii ni mwekundu, na kila kitu kisimamacho juu yake hupata sehemu ya wekundu huo. Viatu vya mwanafunzi, magurudumu ya baiskeli, kwato za ng'ombe, vyote ni vyekundu. Hata kuta. Litazame duka lolote la zamani mjini Thika, au darasa, au kanisa: kutoka chini hadi karibu na goti la mtu mzima ukuta una rangi nyingine, kana kwamba nyumba ilisimama ndani ya ziwa la maji mekundu, kisha maji yakapwa. Wala si ajabu. Matone ya mvua ya masika yakianguka juu ya udongo mtupu huzirusha chembe zake ukutani, na chembe hizo zikiisha kuingia katika vinyweleo vya jiwe hazitoki tena upesi, kwa maji wala kwa sabuni.

Wenye maduka walijifunza kutoshindana na udongo. Walinunua rangi ya kahawia, au nyekundu iliyoiva, wakaipaka sehemu ile ile ya chini ambayo mvua ingeipaka bila ya kualikwa. Sehemu ya juu wakaipaka nyeupe, au rangi ya maziwa. Leo desturi hiyo yaonekana katika shule na maduka ya Kenya yote, hata mahali ambapo udongo ni mweusi. Niwaulizapo wanafunzi wangu sababu yake hunijibu kwamba ni pambo. Ni pambo, naam; lakini mimi naamini kwamba mwanzo wake ulikuwa ni mapatano baina ya mwenye nyumba na mvua.

Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza habari za kuyatia rangi mawe na matofali, ama ili yabadilike, ama ili jiwe jipya lifanane na la zamani lililo jirani yake. Kazi hiyo ni ya kale, ina elimu yake, na ndani yake limo swali ambalo wataalamu wa mambo ya kale wangali wakibishana juu yake. Kwanza yafaa tutenge maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kanga hutiwa rangi. Mlango hupakwa rangi. Rangi ya kanga imeingia ndani ya nyuzi zenyewe, na nguo yaweza kukunjwa, kufuliwa na kuanikwa, nayo rangi ikakaa. Rangi ya mlango ni ngozi iliyo juu ya mbao, na ngozi hiyo siku moja itabambuka. Jiwe nalo laweza kutendewa kwa njia zote mbili. Tutaona kwamba watu wengi waliotaka kulitia rangi waliishia kulipaka tu, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Sasa tulitazame jiwe lenyewe. Nchi iliyo kati ya Nairobi na Thika imelala juu ya mawe ya volkano. Zamani sana, kabla ya kuwako binadamu wa kuyashuhudia, milima ya moto ilirusha majivu mengi yaliyoanguka yakiwa ya moto, yakajikusanya tabaka juu ya tabaka, yakashikana yakawa mawe. Mawe ya namna hiyo si magumu mno. Mtu huweza kuyachonga kwa tindo na nyundo, na leo hukatwa kwa mashine katika machimbo ya Juja na Ndarugu, hata jina la Ndarugu limekuwa jina la jiwe lenyewe: mjenzi wa Nairobi huagiza “mawe ya Ndarugu” kama mpishi aagizavyo mchele wa Mwea. Lakini kwa sababu majivu yale yalianguka nyakati mbalimbali, hayakuwa na mchanganyiko mmoja. Tabaka moja ni la kijivu, la pili lina manjano hafifu, la tatu lina madoa meusi kama ngozi ya kanga wa porini. Mwashi aliyeanza nyumba kwa mawe ya timbo moja na kuimaliza kwa mawe ya timbo la pili huwa ameandika ukutani, bila ya kutaka, siku ile fedha zilipomwishia na siku alipozipata tena.

Mawe hayo yana sifa nyingine ambayo yatupasa kuikumbuka: yamejaa vinyweleo. Mwaga maji juu ya jiwe kavu la Ndarugu, utayaona yakinywewa. Kwa sababu hiyo hushika rangi vizuri. Na kwa sababu hiyo hiyo hushika na taka, na chumvi, na unyevu, wala hayakuulizi lipi unalitaka na lipi hulitaki.

Katika nchi ya Chania nyumba za mawe si za zamani sana. Nyumba za Wagikuyu zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa kwa nyasi, na udongo wa kukandikia ulichimbwa papo hapo. Ukuta ulikuwa na rangi ya kiwanja kwa sababu ulikuwa ni kiwanja kilichosimamishwa. Ukipasuka, mama mwenye nyumba alichukua udongo na samadi ya ng'ombe akaziba, na kiraka kikiisha kukauka hakikuonekana. Si kwamba watu hawakuzijua rangi. Waliijua ira, udongo mweupe, na thiriga, udongo mwekundu, na kila moja ilikuwa na siku yake na shughuli yake; lakini rangi hizo zilikuwa za mwili wa mtu zaidi kuliko za ukuta.

Kisha mambo yakageuka upesi. Mwaka 1908 ilijengwa hoteli ya Blue Posts katikati ya maporomoko mawili, la mto Chania na la mto Thika, na jina lake lenyewe ni la rangi, maana yake ni nguzo za buluu. Mahali penyewe paliitwa Chania Bridge, yaani Daraja la Chania. Mwaka 1913 reli kutoka Nairobi ilifika. Kwa ajili ya hesabu za serikali iliitwa njia ya tramu, ijapokuwa ilibeba mizigo kama reli nyingine yoyote. Mwaka 1924 Thika ikawa mji kisheria. Pamoja na reli walikuja waashi wa Kihindi, mafundi hodari wa jiwe la kuchonga, na kwao vijana wengi wa Kiafrika walijifunza kutumia timazi na kamba. Maduka, maghala, shule za misheni na ofisi za serikali zikapanda kwa jiwe la kijivu, na kando ya njia za ofisi hizo yakapangwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa. Mwanafunzi yeyote wa Kenya ayajua mawe hayo, kwa maana huenda yeye mwenyewe amepewa brashi na ndoo siku mbili kabla ya mgeni mkubwa kufika shuleni.

Chokaa hiyo yatupeleka pwani, kwa sababu sisi wa bara hatukuwa wa kwanza katika Afrika ya Mashariki kukaa katika nyumba za mawe, wala kuziwazia rangi zake. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mmoja wa watu wake aliandika katika kitabu cha safari kwamba nyumba za mji huo zilikuwa ndefu, zenye madirisha mengi, na zimepakwa chokaa vizuri. Macho ya baharia yaliiona rangi kabla ya kitu kingine, na ndivyo Waswahili walivyotaka. Jiwe la matumbawe, likichimbwa na kukaa juani na mvuani, hugeuka kuwa la kijivu na kufanya ukungu mweusi. Mji mweupe ulikuwa tangazo: hapa pana mali, pana waashi, pana watu walio radhi kuipaka upya kazi yao kila mvua zikiisha.

Namna ya kuipata chokaa yastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo rangi ya kwanza ya jiwe, nayo ni ya kutiwa na kupakwa kwa wakati mmoja. Matumbawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo yakachomwa mpaka moto ukafika karibu nyuzi 900 za sentigredi. Joto hilo hulifukuza gesi ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe, ikabaki chokaa kali, iungulizayo mkono. Chokaa hiyo huzimwa kwa maji, ikatokota bila ya moto, ikawa laini kama uji. Ikipakwa ukutani, huivuta tena gesi ya ukaa kutoka hewani polepole, ikarudi kuwa jiwe lile lile iliyokuwa kabla ya kuchomwa. Maana yake ni kwamba aliyepaka chokaa hakuufunika ukuta kwa ngozi ya kigeni; ameuongezea ganda jembamba la jiwe. Ganda hilo lapitisha pumzi. Maji yaliyomo ukutani hutoka kama mvuke, na ukuta hubaki mkavu.

Mtu akitaka rangi nyingine isiyokuwa nyeupe, huchanganya unga wa rangi katika chokaa ingali mbichi, na jiwe likiisha kujifunga, chembe za rangi huwa zimefungiwa ndani. Lakini si kila rangi ivumiliayo ukali wa chokaa. Ziko buluu zinazokufa ndani yake kabla ya wiki kwisha. Buluu ya kufulia nguo, ile iliyouzwa madukani katika vifurushi vidogo, huvumilia, na ndiyo sababu nyumba nyingi za pwani na za bara zilipakwa chokaa yenye ubuluu kidogo ili weupe uonekane mweupe zaidi. Kuliko zote huvumilia udongo wenye chuma. Geru, na ile ngeu ambayo seremala huchovya uzi wake ili kupiga mstari, ni udongo wenye kutu ya chuma. Na kutu ni kitu kilichokwisha kuungua hewani, hakina tena la kuogopa. Udongo mwekundu wa Thika nao una kutu hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye kupenda majaribio na achukue udongo wa manjano, auweke juu ya kipande cha bati, aukaange juu ya jiko la makaa. Joto likifika nyuzi 300 hivi, utageuka mwekundu mbele ya macho yake, kwa maana maji yaliyofungwa ndani ya kutu yametoka. Chuma hicho hicho humfanya mchoma matofali apate tofali jekundu akiiacha hewa nyingi iingie katika tanuri, na tofali la kijivu-cheusi akiizuia.

Wala watu hawakutosheka kuipamba rangi ya jiwe, waliighushi pia. Mafundi wa Misri ya kale walipokosa itale nyekundu, jiwe gumu lililotoka mbali katika nchi ya Aswan, walichonga mlango wa kaburi kwa jiwe laini la chokaa, wakaupaka wekundu, wakaunyunyizia madoadoa meusi mpaka ukafanana na itale. Katika Uingereza ya karne ya 16, matofali ya jumba la Hampton Court, lililojengwa na Kadinali Wolsey na kupanuliwa na Mfalme Henry wa 8, hayakuachwa na rangi yake ya tanuri. Yalipakwa udongo mwekundu ili yote yawe sawa, kisha mafundi wakachora upya mistari ya maungio kwa brashi, mstari kwa mstari, ili tofali lionekane limepangwa kwa usahihi kuliko lilivyopangwa kweli. Msomaji asicheke. Pita leo katika mitaa ya Ruiru au Juja utazame nyumba za kupangisha zilizozidi kuota tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012. Nyingi zimeachwa bila lipu, na maungio yake yamejazwa saruji, yakanyooshwa, yakapakwa rangi nyeusi au nyeupe. Jiwe la nyuma limekatwa kombo, lakini mstari uliochorwa mbele yake umenyooka kama rula. Ni hila ile ile ya watu wa Henry.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa nyumba nambari 10 ya Downing Street mjini London, makao ya waziri mkuu wa Uingereza. Dunia yote iliizoea kuwa nyeusi. Ilipofanyiwa matengenezo makubwa kati ya mwaka 1960 na 1963, matofali yalisafishwa, ikaonekana kwamba hayakuwa meusi hata kidogo: yalikuwa ya manjano, na weusi wote ulikuwa ni masizi ya makaa ya mawe ya karne mbili. Basi wangefanya nini? Kuacha manjano kungekuwa kweli kwa mjenzi wa kwanza, lakini hakuna mtu aliye hai aliyepata kuiona nyumba hiyo ikiwa ya manjano. Wakaamua kuyapaka matofali rangi nyeusi. Yaani moshi, ambao hapo kwanza ulikuwa uchafu, ulikuwa umekwisha kugeuka historia, nayo serikali ikalipa fedha ili uchafu huo uigwe. Waashi wa mji huo walikuwa na ujuzi wa namna hiyo tangu zamani: walipoziba pengo kwa tofali jipya, walikoroga masizi katika maji wakalipiga kwa brashi mpaka likafanana na wazee wake.

Hapo ndipo tunapofikia kazi ngumu kuliko zote, yaani kulifananisha jipya na la kale. Niliiona kwa macho yangu katika chuo kimoja cha ualimu nilichofundisha. Palikuwa na jengo la madarasa lililojengwa kabla ya Uhuru kwa jiwe lililochongwa kwa mkono, na mvua za miaka zilikuwa zimelipa rangi ya asali iliyoungua. Likaongezwa vyumba viwili kwa mawe yaliyokatwa kwa mashine, mapya, ya kijivu kilichopauka. Ilionekana kama suruali iliyotiwa kiraka cha kanzu. Kwa kuwa sherehe ilikuwa karibu, ikaamriwa kwamba upande mpya ufanane na wa zamani. Fundi akachuja udongo mwekundu, akauchanganya na unga mwekundu ule utumiwao katika sakafu za saruji, akapaka, kisha juu yake akapiga vanishi ing'aayo ili rangi isitoke. Siku ya sherehe wageni wakasifu. Hata mimi nilisifu.

Masika yalipoanza, ukuta ukaanza kutoa jasho jeupe. Chini ya vanishi yalitokea mavumbi kama unga wa mahindi, vanishi ikavimba, ikabambuka vipande vipande, na kila kipande kiliondoka na ngozi ya jiwe. Mwashi mmoja mzee wa pale kijijini alikuja kutazama. Nikamwuliza, “Mzee, kosa ni nini, udongo au vanishi?” Akakikwaruza kiraka kwa ukucha, akasema, “Mwalimu, mmelipaka likiwa bichi. Jiwe hili bado lina maji ya timboni.” Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote niliyopita mbele ya jengo lile: upande wa zamani haukuwa na rangi moja. Mawe ya chini ya madirisha yalikuwa meusi kidogo kwa maji yaliyochuruzika, ya kona yalikuwa mepesi kwa kupigwa na upepo, na chini ya mbao za paa palibaki kijivu cha siku ya kwanza. Sisi tuliuona ukuta mzima kuwa wa asali, tukaupaka mwenziwe rangi moja ya asali, kumbe tuliiga kitu kisichokuwako.

Nilipokwisha kusoma zaidi, nilielewa maneno ya mzee. Jiwe likitoka timboni lina maji ndani yake, na ndani ya maji hayo mna chumvi zilizoyeyuka. Saruji ya maungio nayo huongeza chumvi zake. Maji yakitafuta njia ya kutoka huja usoni pa jiwe, huko hukauka, na chumvi hubaki zikifanya fuwele. Ukuta ulio wazi huzipukuta, na mvua huzisafisha. Lakini ukiisha kuuziba uso wa jiwe kwa vanishi, fuwele hukua nyuma ya kizuizi, na fuwele ikikua ina nguvu ya kulivunja jiwe. Kwa hiyo mafundi wenye ujuzi huliacha jiwe jipya lipitiwe na kiangazi na mvua kabla ya kuligusa. Hujaribu rangi juu ya mawe machache mahali pasipoonekana, wakayatazama yakiwa makavu na yakiwa yameloa, asubuhi na jioni, maana rangi iliyofanana saa sita mchana yaweza kutofautiana kabisa saa kumi na mbili. Hawapaki ukuta wote kwa mkupuo; huchukua jiwe moja moja, hili kwa rangi iliyokolea, hili kwa rangi iliyozimuliwa, na mengine huyaacha yalivyo. Wala hawatumii kitu kizibacho vinyweleo. Mwaka 1878 Mjerumani mmoja, Adolf Wilhelm Keim, alipata hataza ya rangi isiyoshikana kwa mafuta bali kwa maji ya silika, ambayo hujifunga na jiwe lenyewe na kuacha njia ya mvuke. Rangi nyingi za leo za kutia matofali na mawe ni watoto wa uvumbuzi huo, na unga wake wa rangi, hata sasa, mara nyingi ni kutu ya chuma.

Makosa ya chuo chetu yalikuwa madogo: vyumba viwili, na fedha za vanishi. Pwani kosa la ukoo huo limegharimu zaidi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na katika mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, nyumba nyingi za matumbawe na chokaa zilitengenezwa katika karne ya 20 kwa lipu ya saruji, kwa sababu saruji hukauka upesi na huonekana safi. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu uliofungiwa ndani huozesha boriti na kudhoofisha chokaa iliyoyashika mawe, na nje ukuta bado waonekana mzima, umepakwa vizuri.

Lakini tuchukulie kwamba fundi ni hodari na rangi imekaa sawasawa. Je, ni haki kulifanya jipya lisitambulikane? Ngome ya Yesu huko Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Ilitwaliwa kwa ghafula na Sultani Yusuf bin Hasan mwaka 1631, ikatekwa na Waomani mwaka 1698, ikageuzwa gereza mwaka 1895, na ilipokoma kuwa gereza mwaka 1958 mchimbuzi James Kirkman alianza kuichunguza. Kwa mchimbuzi kiraka ni ukurasa. Chokaa ya rangi hii ni ya mkono huu, mshono huu waonyesha kwamba mlango uliwahi kuwa hapa ukazibwa, jiwe hili la rangi tofauti limetolewa penginepo. Kama kila bwana wa ngome angalikuwa na fundi wa kuvifananisha viraka vyake na vya bwana aliyetangulia, ukuta ungependeza zaidi, na ungekuwa bubu.

Mwezi wa Mei mwaka 1964 wasanifu na mafundi wa majengo ya kale walikutana katika mji wa Venice, Italia, wakakubaliana juu ya mkataba. Kifungu chake cha 12 chasema kwa maana hii: kilichowekwa mahali pa kilichopotea kipatane na jengo zima, lakini wakati huo huo kitambulikane na cha asili, ili matengenezo yasiughushi ushahidi wa historia. Ni sharti gumu, kwa maana lataka mambo mawili yavutanayo. Mafundi wengine wamelirahisisha kwa kipimo cha macho: mtu akisimama futi 6 kutoka ukutani asikione kiraka, akisogea mpaka inchi 6 akione. Mimi nimekipenda kipimo hicho, ingawa nakiri kwamba kwa nyumba ya kawaida ya Ruiru, ambayo mwenyewe ataka tu wapangaji wasiikimbie, hakuna atakayekuja kupima inchi. Penye ushahidi wa watu wengi, kama ngome, msikiti wa kale au shule ya kwanza ya wilaya, ningelikazia sharti hilo. Penye nyumba ya mtu binafsi ningesema afanye apendavyo, ila aiachie kuta zake njia ya kupumua.

Vyumba vile viwili vya chuo viliparuliwa vanishi kwa brashi ya waya laini na maji mengi, kazi ya mwezi mzima, na mzee yule ndiye aliyeisimamia. Hakuturuhusu kupaka kitu kingine. Alisema tungoje. Mwaka uliofuata alikuja na kopo moja la maji ya udongo, akagusa mawe kama kumi na tano hivi, zaidi yale yaliyo jirani na mshono wa jengo la zamani, akaenda zake. Baada ya masika mawili nilikwenda kuutazama mshono huo. Kwa mbali sikuuona. Nilipoinama niliuona wazi, na alama za tindo upande mmoja na mikwaruzo ya msumeno wa mashine upande wa pili. Chini, karibu na ardhi, wekundu wa udongo ulikuwa umepanda katika pande zote mbili, na umefika kimo kimoja.